Sahani Juu ya Maji

Mwaka 1757 Benjamin Franklin alikuwa baharini katika msafara wa merikebu 96. Upepo ulivuma, mawimbi yakapanda na kushuka, lakini nyuma ya merikebu mbili aliona mkondo wa maji uliotulia kana kwamba umepigwa pasi. Akamuuliza nahodha sababu. Nahodha alimjibu kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua: wapishi watakuwa wamemwaga maji yao yenye mafuta. Franklin alinyamaza, ila hakusahau.

Mabaharia walilijua jambo hilo tangu kale. Pliny, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba wapiga mbizi walitema mafuta kutoka vinywani ili kuyatuliza maji juu yao. Hata kwetu pwani, mtu aliyekulia karibu na majahazi yanayopakwa sifa, yale mafuta ya papa, hahitaji kusimuliwa jinsi tone moja linavyotawanyika majini na kuleta rangi za upinde wa mvua. Lakini kulijua jambo na kulichunguza ni shughuli mbili tofauti.

Franklin alilichunguza. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Uingereza, alikwenda na kichupa cha mafuta hadi bwawa la Clapham, ambalo wakati ule lilikuwa nje kidogo ya London. Upepo ulikuwa ukiukunja uso wa bwawa. Kwanza aliyamwaga mafuta upande ambao upepo unaelekea, yakarudishwa ukingoni bila faida. Akazunguka hadi upande unakotokea upepo, akamwaga kijiko kimoja cha chai, basi. Utulivu ukaanza kutambaa, ukasonga mbele polepole, mpaka karibu nusu ekari ya bwawa ikawa laini kama kioo. Habari hizo zilichapishwa na Royal Society ya London mwaka 1774. Tangu wakati huo, kila alipokwenda mashambani, bwana huyo alibeba mafuta kidogo ndani ya uwazi wa fimbo yake ya mwanzi, asije akakutana na bwawa bila kujiandaa.

Jambo moja tu hakulifanya, nalo lingemchukua dakika mbili: kugawanya. Kijiko cha mililita 5 kikitandazwa juu ya mita za mraba 2,000, mafuta yanabaki na unene wa nanomita 2 na nusu hivi. Nanomita moja ni milimita iliyokatwa mara milioni. Kipimo hicho ni urefu wa molekuli moja ya mafuta. Franklin alikuwa amelitandaza juu ya bwawa la Clapham tabaka la molekuli lisiloweza kuwa jembamba zaidi, akaondoka bila kujua.

Hesabu hiyo ilingoja zaidi ya miaka 100. Mwaka 1890 Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alitumia beseni la kuogea lenye kipenyo cha sentimita 84 na vipande vya kafuri. Kafuri ambayo sisi tunaikumbuka kwa harufu ya sanda ina tabia ya kuchekesha: kipande chake kikiwekwa juu ya maji safi hucheza, huzunguka na kukimbia huku na huku. Maji yakiwa na mafuta kidogo, ngoma inakoma. Rayleigh alitafuta kiasi kidogo kabisa cha mafuta ya zeituni kinachotosha kuikomesha ngoma hiyo, akapata miligramu 0.81 kwa beseni zima. Akagawanya. Jibu likawa nanomita 1.6.

Miezi michache baadaye, mnamo Januari 1891, alipokea barua kutoka Ujerumani. Mwandishi alikuwa mwanamke asiyemfahamu, Agnes Pockels wa mji wa Braunschweig, na barua yake ilikuwa imekwenda mbali kuliko Rayleigh.

Pockels alizaliwa Venice mwaka 1862, baba yake akiwa ofisa katika jeshi la Austria. Malaria ilimwangusha baba huyo, akastaafu mapema, na mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig. Binti alisoma shule ya wasichana ya mji huo na aliipenda fizikia, ila vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake. Ndugu yake mdogo wa kiume, Friedrich, alikwenda kusomea fizikia. Agnes alibaki nyumbani kuwauguza wazazi, kupika na kuosha vyombo.

Karibu na mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 18, alianza kuyatazama maji ya vyombo kwa jicho lingine. Kisha akajitengenezea chombo: birika la bati lenye umbo la mstatili, urefu wa sentimita 70, upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 2, likijazwa maji hadi ukingoni. Juu yake aliweka ukanda wa bati unaogusa maji na kuweza kusukumwa mbele na nyuma. Kwa ukanda huo aliweza kuukusanya utando wa mafuta au kuulegeza, kama mtu anavyosogeza ukuta wa chumba chenye watu ndani. Ili kupima nguvu ya uso wa maji alitundika kwenye mizani ndogo kitu cha mviringo chenye ukubwa wa kifungo, akapima uzito unaohitajika kukibandua majini.

Aliona hivi. Uso ukiwa mpana, mafuta hayana athari yoyote kwenye mvutano wa maji. Ni kana kwamba hayapo. Ukanda ukisukumwa mpaka eneo fulani, ghafla mvutano unaanza kushuka. Baadaye ilielezwa kwamba hapo molekuli zimebanana, bega kwa bega, tabaka moja kamili. Aligundua pia kwamba uchafu usioonekana huharibu kila kipimo, na kwamba ukanda uleule unaweza kuufagia uso wa maji ukawa safi. Ufagio huo wa bati ulikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko unavyosikika. Kabla yake, hakuna aliyejua kwa hakika kama maji aliyoyapima yalikuwa maji matupu.

Rayleigh alikuwa na kila nafasi ya kuiweka barua ile kwenye droo. Badala yake aliituma kwa jarida la Nature, akaandika maneno machache ya kuitambulisha, nalo likaichapisha tarehe 12 Machi 1891. Pockels aliendelea kuandika makala kwa miaka mingi kadiri wagonjwa wake walivyomruhusu. Hakuwahi kuajiriwa na chuo chochote. Mwaka 1932, akiwa na miaka 70, chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa udaktari wa heshima. Mwaka huohuo Mmarekani mmoja alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyojengwa juu ya birika la namna ileile.

Mmarekani huyo ni Irving Langmuir wa maabara ya kampuni ya General Electric huko Schenectady, jimbo la New York, maabara iliyoishi kwa kutengeneza taa. Kazi yake maarufu juu ya tando ilichapishwa mwaka 1917. Alichukua asidi za mafuta zenye minyororo ya urefu tofauti, yenye atomu 16, 18 na 26 za kaboni, akazipima moja moja katika birika. Mnyororo mrefu ungetarajiwa kula nafasi zaidi. Haikuwa hivyo: kila molekuli, ndefu kwa fupi, ilidai eneo lilelile, nanomita za mraba 0.2 hivi. Maana yake ni moja tu. Molekuli hizi hazikulala juu ya maji, zilisimama. Kichwa kinachopenda maji kilizama kidogo na mkia ukaelekea juu hewani, kama mimea ya mpunga kwenye jaruba.

Imelala au imesimama? Swali hilo dogo ndilo lililorithiwa na taaluma nzima, nasi tutalikuta tena mbele.

Langmuir alikuwa na msaidizi ambaye hakuwa msaidizi tu. Katharine Blodgett alizaliwa Schenectady mwaka 1898, wiki chache baada ya baba yake, mwanasheria wa hataza katika kampuni hiyohiyo, kuuawa. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia katika chuo kikuu cha Cambridge. Ustadi wake ulikuwa wa mikono: alichovya kipande cha kioo katika maji yenye utando na kukitoa taratibu, utando ukang'ang'ania kioo. Akachovya tena, tabaka la pili likakaa juu ya la kwanza. Tena na tena. Unene ukaongezeka kwa hatua zilizo sawasawa, na kila unene ukawa na rangi yake, hivyo akaweza kusoma nanomita kwa macho kama mtu anayesoma rula. Makala yake kuu ilitoka mwaka 1935, mwaka ambao Pockels alifariki.

Mwaka 1938 Blodgett alitangaza kioo kisichong'aa: tabaka 44 zilizopangwa kwa unene unaoifanya nuru inayorudi ijifute yenyewe. Ubaya wake, utando ule ulikuwa laini. Ukiupangusa kwa kitambaa unaondoka. Wengine waliupiku kwa kupaka chumvi ngumu za magnesi ndani ya ombwe. Lakini mbinu ya kuchovya ilibaki, na leo tando hizo zinaitwa kwa majina ya Langmuir na Blodgett. Birika nalo linaitwa la Langmuir. Pockels amebakia kwenye maelezo ya chini ya ukurasa, jambo ambalo wanahistoria wa sayansi wamelilalamikia, na wana haki.

Malaria iliyomtoa baba yake Pockels jeshini, na kumfunga binti jikoni, imekutana na tando hizi kwa njia nyingine. Viluwiluwi vya mbu hujining'iniza kwenye uso wa maji ili vipumue. Zamani maofisa wa afya walimwaga mafuta ya taa madimbwini, mengi na yanayonuka. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio katika mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya, ambako walitumia kimiminika cha jamii ya silikoni kinachojitandaza chenyewe kuwa utando mwembamba mno. Kiluwiluwi kinakosa mahali pa kujishikiza. Ni bwawa la Clapham, safari hii likiwa na kazi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana hadithi ina mlango wa pili.

Mwaka 1888, huko Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza kolesteroli ya karoti. Kiwanja kimoja alichokitengeneza kiliyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi joto 145.5 kiligeuka uji wa ukungu, kwenye 178.5 ukungu ukaondoka na kikawa angavu. Reinitzer alimwandikia Otto Lehmann, Mjerumani aliyekuwa na hadubini yenye jiko dogo la kupashia sampuli joto. Lehmann alikitazama kitu kile na kuona kinatiririka kama mafuta ilhali kinaipinda nuru kama fuwele. Akakiita fuwele inayotiririka. Baadhi ya wakubwa wa kemia walikataa katakata. Gustav Tammann alishikilia kwamba ni mchanganyiko mchafu tu. Mabishano yalichukua miaka. Leo vitu hivyo huitwa fuwele kimiminika, navyo vimo katika vioo vya simu, televisheni na saa.

Huko Halle, Daniel Vorländer alitengeneza viwanja vya namna hii kwa mamia, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaweka kanuni: ukitaka fuwele kimiminika, tengeneza molekuli iliyonyooka kama fimbo. Kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Kwa miongo kadhaa wakemia walitengeneza fimbo juu ya fimbo. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Australia, Brooks na Taylor, waliona ndani ya lami iliyopashwa joto matone yenye molekuli bapa zilizojipanga. Lakini lami ni chungu cha mchanganyiko. Huwezi kuonyesha kwa kidole molekuli moja na kusema ni hii.

Aliyeonyesha kwa kidole alikuwa Sivaramakrishna Chandrasekhar wa Bangalore, mji ambao leo unaitwa Bengaluru. Alikuwa mpwa wa C. V. Raman, Mhindi aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1930 na kuanzisha taasisi ya utafiti yenye jina lake mwaka 1948. Raman alipofariki mwaka 1970, taasisi ilijipanga upya, na mwaka uliofuata Chandrasekhar akaitwa kutoka chuo kikuu cha Mysore kuja kuanzisha maabara ya fuwele kimiminika. Aliingia na wanafunzi na wenzake wachache, vyumba vikiwa karibu vitupu.

Swali lake lilikuwa sahili kiasi cha kuonekana la kitoto. Kama fimbo zinaweza kujipanga na bado zikatiririka, kwa nini sahani zisiweze? Mkemia wa kikundi, B. K. Sadashiva, alichukua pete ya benzini, akaizungushia mikia sita ya mafuta, mmoja kila pembe. Molekuli ikawa bapa katikati na laini kingoni, kama jua linavyochorwa na mtoto. K. A. Suresh, kijana wa vipimo, akaipiga eksirei. Picha zilionyesha kwamba molekuli zimepangana moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sinia, zikawa nguzo, na nguzo zenyewe zimesimama pamoja kwa mpangilio wa sega la nyuki. Ndani ya kila nguzo chapati zilikaa ovyo kidogo, bila nafasi zinazolingana. Mpangilio upande mmoja, umajimaji upande mwingine: fuwele kimiminika ya aina ambayo haijawahi kuonekana katika kiwanja safi.

Walichapisha mwaka 1977 katika Pramana, jarida la fizikia la India lililokuwa na umri wa miaka 4 tu. Wengi katika nafasi yao wangeikimbiza habari kubwa namna hiyo London au New York. Wao waliiacha nyumbani, na wasomi wa Ulaya wakalazimika kulitafuta jarida la Bangalore. Uamuzi huo unastahili kutafakariwa na wahariri wa majarida ya sayansi ya Nairobi na Dar es Salaam, ambao kila mwaka huona makala bora za waandishi wao zikipanda ndege.

Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Wakemia wa Ufaransa, kisha wa Ujerumani na Uingereza, waliigeukia trifenilini, molekuli bapa ya pete nne zilizoungana, kubwa kuliko benzini na yenye mvuto zaidi kati ya sahani na sahani. Nguzo zake zilikuwa imara. Na kwa kuwa sahani hizo zina mawingu ya elektroni juu na chini, zikipangana karibu, umbali wa nanomita 0.35 hivi, mawingu yanagusana. Chaji ya umeme inaweza kuruka kutoka chapati hadi chapati kwa kufuata nguzo. Mikia ya mafuta inayoizunguka nguzo haipitishi kitu. Kwa hiyo una waya: shaba katikati, plastiki nje, ila unene wake ni nanomita 2 na umejitengeneza wenyewe.

Mwaka 1994 watafiti wa vyuo vya Bayreuth na Mainz walipima mwendo wa chaji katika trifenilini yenye mikia iliyofungwa kwa salfa. Walipata kasi iliyoanza kukaribia ile ya fuwele ngumu za kikaboni, katika kitu kinachoweza kujirekebisha chenyewe kama kimiminika. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Fujifilm ya Japani ilipata njia ya kutumia sahani kwa kazi tofauti kabisa. Vioo vya kompyuta vya wakati huo vilikuwa na aibu moja: ukivitazama kutoka pembeni, picha inageuka rangi au inapotea. Fimbo zilizomo ndani ndizo zilizosababisha. Fujifilm ilitandaza juu ya plastiki utando wa molekuli za sahani zilizoinama kidogo kidogo kutoka chini hadi juu, ikauimarisha, ukabandikwa kwenye kioo. Sahani zikasahihisha kosa la fimbo. Mamilioni ya watu wamekaa mbele ya kompyuta ambazo uvumbuzi wa Bangalore umo ndani yake bila kupata kulisikia jina la Chandrasekhar.

Utando huo wa Fujifilm, hata hivyo, ni mnene ukilinganisha na birika la Pockels. Ulikuwa na maelfu ya molekuli kwenda juu. Waliotaka tabaka moja walirudi kwenye maji.

Na huko swali la Langmuir lilikuwa linawangoja. Fimbo ikisimama juu ya maji, imesimama. Sahani ina njia mbili za kukaa. Inaweza kulala chali, uso mzima ukiwa juu ya maji, kama sinia linaloelea. Au inaweza kusimama kwa ukingo, ikiegemeana na wenzake, kama sahani zilizopangwa kwenye kichanja cha vyombo baada ya kuoshwa. Kila mpangilio una alama yake birikani. Sahani iliyolala inakula eneo kubwa na kutoa utando mwembamba sana, chini ya nanomita moja. Iliyosimama inakula eneo dogo, pengine nusu au chini ya hapo, na utando unakuwa mnene zaidi. Mtafiti husukuma kizuizi, husoma eneo, hugawanya. Ni hesabu ileile ya Clapham.

Kinachoamua ni vita kati ya maji na majirani. Molekuli ikiwa na vikundi vinavyopenda maji pande zote, maji yanaishika na kuilaza. Mvuto wa sahani kwa sahani ukizidi, zinageukiana na kusimama. Wakati mwingine zinaanza zikiwa zimelala na, zikibanwa, zinainuka, kama abiria wa daladala wanaogeuka ubavu ili mwingine apate kupita. Na zipo zisizotaka kujitandaza kabisa, zinazojikusanya kwenye visiwa vya tabaka nyingi. Hapo ndipo mkemia anaporudi mezani kubadilisha mikia.

Vyombo vya kutazamia navyo vilikuwa vimefika. Mwaka 1986 ilitangazwa hadubini inayopapasa uso kwa sindano ndogo mno, inayoweza kusoma vilima vya urefu wa molekuli. Mwaka 1991, Göttingen na Paris kwa wakati mmoja, vikundi viwili vilibuni hadubini inayotumia ukweli wa zamani wa macho: nuru iliyochujwa ikiyapiga maji safi kwa pembe ya nyuzi 53, hairudi hata kidogo. Weka utando wa molekuli moja na chembe ya nuru inarudi. Giza linakuwa maji, mwanga unakuwa utando. Kile ambacho Pockels alikikisia kwa kifungo na mizani sasa kilionekana kikikua, kikigawanyika na kuungana kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 1993 kikundi cha chuo kikuu cha Pennsylvania kilichapisha katika jarida la Science picha za tando za trifenilini zilizochovywa kwa mbinu ya Blodgett: sahani zimesimama kwa ukingo, nguzo zao zimelala sambamba kama mistari ya daftari.

Tofauti ya kulala na kusimama ina bei yake. Umeme unafuata nguzo. Sahani zikisimama kwa ukingo, nguzo zinalala, na umeme unakwenda kando, jambo linalohitajika katika transista. Sahani zikilala, nguzo zinasimama, na umeme unapanda kutoka chini hadi juu. Hivyo ndivyo seli ya jua inavyotaka. Mwaka 2001 watafiti wa Cambridge na Mainz waliunda seli ya jua kwa kuchanganya sahani kubwa ya kaboni na rangi ya jamii nyingine. Kwa nuru ya rangi moja, karibu na nanomita 490, zaidi ya asilimia 34 ya chembe za nuru ziligeuka chaji. Kwa jua zima tija ilikuwa ndogo sana kuliko hiyo, na seli za silikoni hazikupoteza usingizi. Lakini mchanganyiko ule ulikuwa umejipanga wenyewe, tabaka juu ya tabaka, ukikauka tu.

Yule kijana wa eksirei hakuwa ameondoka Bangalore. Suresh aliyezipiga picha sahani za kwanza mwaka 1977 aligeukia birika, na kwa miongo iliyofuata kikundi chake kikaendelea na kazi ya sahani juu ya maji. Moja ya kazi zao, iliyochapishwa mwaka 2008, ina ujanja unaopendeza. Walitumia sahani ya trifenilini yenye chaji chanya kwenye mkia wake mmoja, kisha chini yake, ndani ya maji, wakaweka DNA, ambayo ina chaji hasi. Vitu hivi viwili vikashikana mpakani, nusu hewani nusu majini, na utando ukawa imara zaidi. Waliuhamishia kwenye kipande kigumu kwa kuchovya, wakaupapasa kwa sindano inayopima mkondo wa umeme. Umeme ulipita. Chandrasekhar hakuishi kuiona kazi hiyo. Alifariki mwaka 2004.

Tando hizi bado hazijafika dukani kwa wingi. Kuzipanga nguzo ziwe sawasawa katika eneo la ukucha kunawezekana. Kuzipanga katika eneo la kioo cha televisheni ni shughuli nyingine, maana nguzo hukatika, hupinda na kugombana mipakani. Ndiyo maana kazi kubwa inaendelea kufanyika katika birika, ambalo siku hizi ni la plastiki isiyoshika uchafu na lina vizuizi viwili vinavyosukumwa na mota. Mtafiti huyeyusha sahani zake katika klorofomu, huzidondosha kwa sindano tone baada ya tone, hungoja dakika 15 hivi klorofomu iishe hewani, ndipo vizuizi vinapoanza kutembea.

Lakini kabla ya tone la kwanza kuna kazi isiyotajwa kwenye vichwa vya makala, nayo hula sehemu nzuri ya asubuhi. Kwanza huosha birika, kisha hufagia uso wa maji kwa kizuizi kama alivyofanya Pockels, hupima, na uchafu ukionekana huosha tena.